Dukani au sokoni? Njia za mkato za chakula cha jioni Lubumbashi

Hapa Lubumbashi jua linazama kwenye saa kumi na mbili. Mama anayeshuka kwenye basi la Katuba au la Ruashi saa hiyo anakuta watoto wana njaa, mbabula (jiko la makaa) haijawashwa, na umeme huenda umeshakatwa. Makala hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya baba anayepika zamu yake, na kwa dada mkubwa aliyeachiwa jiko na wadogo zake. Alimantasio (maduka ya chakula) za mjini zimejaa makopo, pakiti na vifuko vinavyoahidi kuokoa muda. Vingine vinaokoa kweli. Vingine vinamaliza pesa tu, na muda unabaki pale pale.

Kabla ya kuweka kitu kwenye kikapu najiuliza: hiki kinaniondolea saa za moto, au dakika za kisu? Kukata nyanya nne na kitunguu ni dakika chache, na mtoto wa miaka kumi anaiweza kazi hiyo. Kuchemsha maharagi makavu ni saa mbili na zaidi, na makala (makaa ya moto) yanayoteketea hapo ni pesa iliyotoka mfukoni. Kwa hiyo kitu kilichokwisha kuiva kinastahili kulipiwa. Kitu kilichokatwakatwa tu, au kilichotiwa harufu nzuri na rangi, mara nyingi hakistahili.

Maharagi: ya kopo, ya gunia, au ya malewa

Tuanze na maharagi, kwa sababu hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko kwingine kote.

Kopo la kawaida la gramu 400, ukimwaga maji yake, linabaki na maharagi gramu 240 hivi. Hizo ni sawa na gramu 100 za maharagi makavu, kwa kuwa yakiiva yanaongezeka uzito mara mbili na zaidi. Kilo moja ya soko la Kenya, hapa hapa mjini, basi ni kama makopo kumi. Shika hesabu hiyo ukiwa umesimama mbele ya rafu: zidisha bei ya kopo mara kumi, uiweke kando ya bei ya kilo moja sokoni. Pengo utakaloliona ndilo bei ya moto unaouziwa ndani ya kopo. Halafu fikiria makala ya jioni nzima yanakutoka shilingi ngapi, au franga ngapi kama tunavyosema huku, uone kama pengo linazibika.

Kwa nyumba ya watu watatu au wanne, linakaribia kuzibika. Makopo mawili na mboga za majani yanatosha, na chakula kiko mezani kabla watoto hawajasinzia. Kwa nyumba ya watu wanane halizibiki hata kidogo. Utafungua makopo manne au matano kwa mlo mmoja, na kesho njaa iko pale pale. Nyumba kubwa iweke makopo mawili kabatini kwa siku ya dharura, na maharagi yake ya kila wiki iyanunue kwenye gunia.

Ukinunua kopo, soma karatasi yake. Makopo mengi yanayopita mpakani Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini ni ya maharagi madogo meupe ndani ya mchuzi mtamu wa nyanya. Watoto wanayapenda na mkate asubuhi, lakini ukiyala na bukari (ugali) sukari yake inasumbua. Unayoyataka kwa chakula cha jioni ni yale ya maji na chumvi peke yake. Yasuuze kidogo kwa maji safi, chumvi nyingi itaondoka.

Namna ya kuyapika: kaanga kitunguu katika mafuta mpaka kiwe na rangi ya dhahabu, tia kitunguu saumu, tia kijiko kimoja cha nyanya ya kopo na uikaange pia. Mimina maharagi na maji kikombe kimoja. Yakianza kuchemka, ponda sehemu yake kwa mgongo wa mwiko, ubavuni mwa sufuria. Hapo mchuzi unakuwa mzito wenyewe, bila unga wala kitu kingine. Lengalenga (mchicha) iliyokatwa inaingia dakika tatu za mwisho. Chakula chote ni robo saa.

Sasa maharagi makavu, ambayo yanadhulumiwa kwa kupikwa vibaya. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Mtu wa pwani anayasifu maharagi yake kwamba yameiva kwa saa moja na nusu. Hapa yale yale yatadai zaidi. Kuna mambo manne yanayopunguza saa hizo, na hayagharimu kitu, au karibu hayagharimu.

Kwanza, yaloweke tangu usiku, na maji yale uyamwage. Pili, nunua maharagi ya mavuno mapya. Yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto yanakuwa magumu, na hata uyachemshe mpaka makala yaishe, katikati yanabaki na chembe. Mama muuzaji ukimuuliza kwa heshima, "Mama, haya ni ya mavuno gani?", mara nyingi atakuambia kweli. Tatu, usitie nyanya wala ndimu kabla hayajalainika, maana uchachu unazuia ganda lisilainike. Nne, kama umebanwa sana, tia bikarbonati ncha ya kijiko. Inalainisha haraka, ila inaharibu vitamini B1, na ikizidi ladha inakuwa ya sabuni. Siku ya dharura inakubalika, kila siku hapana.

Kokoti-minuti, sufuria ya presha, inabadilisha hesabu yote. Presha ya ndani inapandisha joto juu ya nyuzi 110, kimo cha mji hakina tena neno, na maharagi yaliyolowekwa yanaiva kwa nusu saa hivi. Bei yake inauma siku ya kuinunua, lakini ukijumlisha bei ya makopo ya miezi michache utaikuta humo. Angalia mpira wa kifuniko na tundu la mvuke kabla ya kila mapishi. Ya mitumba isiyofunga vizuri iache huko huko sokoni, hata wakikupunguzia bei.

Asiye na kokoti ana blanketi. Asubuhi, wakati maji ya chai yako motoni, chemsha maharagi yaliyolala majini dakika ishirini kwa moto mkali. Funika, ondoa motoni, zungushia sufuria gazeti na blanketi zito, uitie ndani ya katoni iliyobana. Joto linabaki humo saa kadhaa na kuendelea kuivisha bila makala. Mchana, mtu wa kwanza kufika nyumbani aifungue na kuirudisha motoni ichemke tena vizuri. Zile dakika za mwanzo za moto mkali zisirukwe kwa sababu yoyote. Maharagi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka kweli kweli dakika kumi au zaidi. Yakiwekwa kwenye uvuguvugu tu bila kuchemshwa kwanza, yanatapisha watu.

Na kuna njia ya tatu ambayo watu wa ofisini wanaisahau: malewa, vibanda vya chakula kilichopikwa. Mama wa malewa amechemsha sufuria kubwa tangu alfajiri, moto mmoja kwa watu hamsini, ndiyo maana sahani yake ni rahisi kuliko kopo. Peleka bakuli lako lenye kifuniko ukitoka kazini, umwombe yaliyochemshwa tu, kabla hajatia mafuta na chumvi. Nyumbani unayakaanga upendavyo. Kwangu mimi hii inashinda kopo kwa bei na kwa ladha, mradi unamfahamu mama mwenyewe na umeona maji anayotumia.

Sombe: mashine imemaliza kazi ya kinu, ya sufuria bado

Kuchambua majani ya muhogo na kuyatwanga ni kazi inayokaribia saa nzima ya mikono yenye nguvu. Kwa hiyo sombe ya mashine inastahili kulipiwa, na hapo sina shaka yoyote. Swali ni ipi: ya sokoni inayosagwa mbele yako, au ya pakiti iliyogandishwa ya supamaketi?

Ya pakiti ni safi, imepimwa, na inafaa nyumba yenye konjelateri (friza) na umeme wa kuaminika. Nyumba ngapi za Lubumbashi ziko hivyo? Delestaji (kukatwa umeme) ya saa nyingi inaiyeyusha, umeme ukirudi inaganda tena, na siku ya kuipika inanuka uchachu. Duka lenyewe nalo linakatiwa umeme. Bonyeza pakiti kabla ya kulipa. Ikiwa ni jiwe moja lenye maji yaliyoganda upande mmoja wa chini, imeshayeyuka mara moja.

Ya sokoni inunue siku ile ile utakayoipika. Majani yaliyosagwa yanabadilika rangi upesi, kutoka kijani kibichi kwenda kahawia, na yakianza kunuka kama majani yaliyolundikwa uani, mwachie mwenyewe. Mwombe msagaji aondoe vikonyo vigumu, na mpe poivro (pilipili hoho), majani ya kitunguu na kitunguu saumu avisage pamoja. Hapo umemaliza kazi ya kisu pia, na hakukuongezea bei.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu haraka kwenye sombe inaweza kudhuru. Majani ya muhogo yana sianidi. Kusaga kunavunja majani na kukutanisha sumu na kimeng'enya cha jani lenyewe, ambacho kinaigeuza kuwa hewa. Hewa hiyo inapaa sufuria ikichemka. Basi sombe isagwe ikiwa mbichi, maana majani yakichemshwa kwanza kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi yake. Na sufuria isifunikwe dakika ishirini za kwanza, ili kinachotaka kutoka kitoke. Nchi yetu inaijua sumu ya muhogo. Kule jimbo la Kwango ugonjwa wa konzo umepooza miguu ya watoto na wanawake waliokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila protini ya kutosha pembeni. Huo unatokana na mizizi zaidi kuliko majani, lakini somo la kutokatisha njia kwenye muhogo ni moja.

Kwa hiyo mashine inakuokolea kinu, haikuokolei saa ya moto. Hiyo saa ukubali kuilipa mara moja kwa milo miwili. Pika sombe nyingi siku ya Jumamosi, tupu, bila samaki: maji, sombe, kitunguu, chumvi kidogo, na mawese ikishalainika. Siku ya kula, chota kiasi cha siku hiyo tu, utie ngaranga (karanga) iliyosagwa vijiko viwili na samaki. Ile iliyobaki bila samaki, ichemshe upya usiku na asubuhi. Miezi ya baridi, Juni na Julai, inafika Jumatatu salama hata bila frigo. Oktoba, joto likiwa kali, imalize Jumapili.

Ngaranga ya kusagwa nayo ni njia ya mkato nzuri, ila ile ya sokoni inayosagwa mbele yako ni bora kuliko ya chupa ya dukani. Ya chupa mara nyingi imetiwa sukari na mafuta mengine, imetengenezwa kwa kupakwa kwenye mkate. Sukari ndani ya sombe mtu anaijua tangu tonge la kwanza.

Samaki: kopo, thomson, au kisense

Thomson, samaki wa baharini anayeuzwa akiwa ameganda, inapendwa, na kwa haki. Ina nyama nyingi, mafuta yake ni mazuri, na kipande kimoja kinatosheleza mtu. Nyingi inavuliwa Namibia na inasafiri maelfu ya kilomita ikiwa imeganda. Ikifika kwenye katoni iliyoganda kweli, duka lenye jenereta, ukaipika siku hiyo hiyo, sina cha kusema. Lakini samaki wa jamii hii akiyeyuka na kukaa kwenye joto, nyama yake inatengeneza histamini, na histamini haifi kwa moto. Unaweza kumkaanga mpaka akauke kama kijiti, na bado uso wa mlaji ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga, mwili ukamwasha. Watu wanadhani ni uchawi wa jirani au ni aleji. Mara nyingi ni delestaji ya jana.

Mtazame macho: yawe angavu, hayajaingia ndani wala kuwa na ukungu. Bonyeza tumbo: liwe gumu. Kama limepasuka na kulegea, usimchukue, hata muuzaji akiapa kwamba ameshushwa kwenye lori asubuhi.

Kopo la samaki halina tatizo hilo. Pilchadi za nyanya, zile za gramu 400 na ndogo zake za gramu 155, zimeivia ndani ya kopo lenyewe. Mifupa yake imelainika na inaliwa, na humo ndimo kalisi (kalsiamu) ilimo, kwa hiyo usiitoe kwa ajili ya watoto, iponde. Kopo kubwa moja na mboga za majani linalisha watu watano kwa bukari. Kosa ninaloliona jikoni mwa wengi ni kulichemsha tena nusu saa, samaki akawa uji. Hahitaji kuiva, anahitaji kupata moto tu.

Fanya hivi. Kaanga vitunguu viwili na pili-pili moja, tia nyanya mbili mbichi ziloe. Weka lengalenga au matembele yaliyokatwa, yalainike bila maji. Mwisho mimina mchuzi wa kopo, na samaki wenyewe uwapange juu kimoja kimoja bila kukoroga. Funika dakika nne. Chumvi onja kwanza, maana kopo lina yake.

Sardini za mafuta, kopo la gramu 125, ni za watu wawili, zikizidi watatu. Mafuta yake usiyamwage. Kaanga nayo kitunguu, na hutahitaji mafuta mengine. Kwa nyumba kubwa ni ghali kwa kila tonge, na ningezichagua kwa mkate wa asubuhi au chakula cha mtoto wa shule.

Makopo yote, ya samaki au ya nyama: lililovimba kichwa au chini, tupa, usilionje. Lililobonyea ubavuni si kitu. Lililobonyea kwenye ule mshono wa juu au wa chini liache dukani.

Sasa kisense. Samaki huyu mdogo wa Mweru na Luapula, anayekuja kwetu kutoka Kasenga na Kilwa, amekaushwa juani. Jua limefanya kazi ya moto bure. Hahitaji frigo, anakaa wiki nyingi kwenye kopo lililofungwa, analiwa mzima na mifupa yake, na anaiva kwa dakika kumi. Hakuna kitu cha dukani kinachomshinda kwa bei na kwa lishe, na nasikitika kuona familia zinamuona chakula cha shida wakati wanatoa pesa nyingi kwa soseji laini za pakiti, ambazo nyama yake imechanganywa na wanga na maji. Shida yake ni moja: mchanga. Mtie kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, mkoroge kwa vidole, mwinue kwa mkono uuache mchanga chini. Usimmimine, maana mchanga utamfuata. Rudia mpaka kiganja hakisikii chembe chini ya bakuli. Kisha mkaange kwenye mafuta ya moto akauke, ndipo kitunguu na nyanya zifuate.

Vinkubala (viwavi vikavu) ni vivyo hivyo: loweka nusu saa, osha, kaanga. Zaidi ya nusu ya uzito wao mkavu ni protini. Msimu wake ukipita bei inapanda, kwa hiyo nunua ya kutosha wakati ni rahisi.

Nyanya: hapa inategemea mwezi

Kiangazi bustani za kumwagilia zinatoa nyanya nyingi, na nyanya mbichi inashinda bila mjadala. Masika, mvua na magonjwa ya majani yakizipiga, chungu kidogo cha nyanya kinakuwa ghali na nusu yake imeoza. Hapo ndipo konsantre (nyanya nzito) ya kopo inapata nafasi yake.

Konsantre nzuri imeandikwa 28/30%, na viungo vyake ni nyanya, labda na chumvi, basi. Kopo dogo la gramu 70 la aina hiyo lina nguvu ya nyanya mbichi gramu 400 hivi. Ukiona wanga kwenye orodha, au rangi, unanunua unga mwekundu. Ya kifuko ya bei ya chini sana isome mara mbili.

Wengi wanaimwaga kwenye maji yanayochemka, na mchuzi unabaki mkali wenye ladha ya bati. Ikaange kwenye mafuta pamoja na kitunguu, dakika mbili au tatu, mpaka rangi itoke kwenye wekundu mkali iwe ya matofali na mafuta yajitenge pembeni. Kisha maji. Karoti moja iliyokunwa inaondoa uchachu vizuri kuliko sukari. Iliyobaki ihamishie kwenye chupa ya kioo, uifunike kwa mafuta kidogo juu.

Vidonge vya mchuzi na pakiti za viungo

Karibu nusu ya kidonge, au zaidi, ni chumvi. Kidonge cha gramu 4 basi kina chumvi gramu 2 hivi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Kimoja kwa sufuria ya watu sita, badala ya chumvi, si pamoja na chumvi, hakina ubaya. Vitatu pamoja na chumvi na samaki wa kopo, baba mwenye presha anaumizwa na watu wanaompenda.

Pakiti za "viungo vya nyama" na "viungo vya kuku" mara nyingi ni kidonge kile kile kilichosagwa na kutiwa rangi. Hazikuokolei moto, hazikuokolei kisu.

Unga, wali na spageti

Bukari ni haraka tayari. Maji yakishachemka, dakika kumi na tano umemaliza, kwa hiyo usilipe zaidi kutafuta mbadala wa haraka. Pa kuchagua ni kwenye gunia lenyewe. Unga wa Zambia unakuja kwa aina mbili tunazozijua kwa majina yao, breakfast na roller. Breakfast ni mweupe, laini, umeondolewa pumba na kiini. Roller una rangi, unabaki na sehemu kubwa ya pumba na kiini, unashibisha zaidi na una lishe zaidi, tena ni wa bei ya chini. Dosari yake ni kwamba mafuta ya kiini yanachacha, kwa hiyo usinunue wa miezi mitatu. Mimi ningenunua roller kidogo kidogo. Zambia ikifunga mpaka wa unga, kama ilivyowahi kufanya, bei inaruka kwa aina zote mbili, na hapo kuchanganya na unga wa muhogo kunaokoa gunia.

Wali unataka dakika ishirini na maji kidogo. Spageti inataka dakika kumi, lakini inataka sufuria kubwa ya maji yanayochemka kwa nguvu, na kuyafikisha hapo kunakula makala. Ukijumlisha, wali na spageti ni sawa kwa moto, na wali unatoa sahani nyingi zaidi kwa pesa ile ile. Spageti iwe ya kubadilisha ladha.

Indomie na wenzake

Watoto wanaililia na inaiva kwa dakika tatu, kwa hiyo itaingia nyumbani, tukubali. Pakiti moja ya gramu 70 ni unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, na kifuko cha chumvi. Peke yake mtoto anashiba saa moja na njaa inarudi kabla ya kulala.

Kama jioni imekuwa hiyo, ifanye chakula. Chemsha maji mengi kidogo kuliko inavyoandikwa, tia lengalenga iliyokatwa nyembamba pamoja na tambi. Vunja yai moja kwa kila mtoto, likoroge kwenye kikombe, ulimimine taratibu sufuria ikichemka ili lishike kwenye tambi kama nyuzi. Kifuko cha chumvi tia nusu tu. Kama kuna kisense aliyekaangwa tangu jana, mponde juu yake kabla ya kupakua.